Mtoto wa mbwa hasusi chakula bure

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Isyesye hapa Mbeya. Wiki iliyopita mume wangu alituletea mtoto wa mbwa kutoka Mafinga, dume, chotara wa hawa mbwa wa polisi. Ana wiki saba, watoto wamempa jina la Simba. Tatizo lake ni kula. Nikimwekea ugali na mchuzi ananusa halafu anaondoka. Maziwa anakunywa lakini anaharisha. Nikichanganya dagaa anawachagua, ugali anauacha. Juzi nilimpikia wali, jana viazi, leo nimenunua soseji ndiyo akala. Majirani wananiambia nimwache na njaa siku mbili, atashika adabu. Anacheza vizuri, ila mbavu naziona. Nilimpima kwenye mizani ya dukani, ni kilo tatu kasoro kidogo. Nimwache na njaa kweli?"

Marahaba, dada yangu. Hapana, usimwache na njaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kumuua, na mengine yote tutayazungumza kwa utulivu.

Mbwa mkubwa mwenye afya akikaa siku nzima bila kula hadhuriki. Majirani wako wanawajua mbwa wa namna hiyo, na kwa mbwa hao wamesema kweli. Lakini mtoto wa wiki saba hana akiba. Ini lake ni dogo, mafuta mwilini hana, na sukari kwenye damu yake inaweza kushuka ndani ya saa chache tu, hasa usiku wa Juni wa huku kwetu. Nimeletewa watoto wa mbwa asubuhi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, waliolazwa na njaa ili wajifunze: wamepoa, wanatetemeka, wanayumba, kichwa kimeinama. Wengine waliamka. Wengine walishachelewa. Ukimkuta Simba katika hali hiyo, mpake asali au maji yenye sukari nyingi kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, usimmiminie kooni asije akapaliwa. Mfunge kwenye blanketi, kisha utafute daktari saa hiyo hiyo, hata akionekana amepata nafuu.

Kwa hiyo weka kipimo hiki kichwani: mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi mitatu akiruka mlo mmoja huku anacheza, mwangalie. Akipitisha saa 12 mfululizo hajala kitu, ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kabla ya kubadilisha chakula tena, mkague. Huhitaji vifaa. Inua mdomo uone fizi. Ziwe za rangi ya waridi na zenye unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka papauke, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Fizi nyeupe kama karatasi maana yake damu imepungua, na katika umri huu mara nyingi kinachoinyonya ni minyoo. Vuta ngozi ya mgongoni taratibu. Ikibaki imesimama kama hema, mwili umekauka maji. Angalia macho na pua kama kuna usaha au makamasi mazito. Mbwa huongozwa na pua kwenye chakula kuliko ulimi, na mwenye pua iliyoziba anaweza kukaa mbele ya nyama asijue ni nyama. Mwisho tazama tumbo. Mbavu zinaonekana halafu tumbo limevimba kama ngoma: hiyo ni minyoo, na ndiyo ningeikisia kwanza kwa Simba hata kabla ya kumwona.

Hapo nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo tayari. Ile minyoo ya duara hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto akiwa bado tumboni, na mingine huingia kupitia maziwa. Hivyo usikubali mtu akuambie "huyu ni mdogo, hawezi kuwa na minyoo." Inatakiwa apewe dawa tangu wiki ya 2, arudie kila baada ya wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka afikishe miezi 6. Muulize mumeo kama aliyewauzia alishampa dawa. Kama hana uhakika, hesabu kuwa hakupewa.

Lakini dawa gani? Ukienda duka la dawa za mifugo ukasema "nataka dawa ya minyoo" bila kusema ni ya nani, unaweza kupewa ya mbuzi au ya ng'ombe, kwa sababu ndiyo inayotoka sana. Usikubali. Levamisoli, ambayo mbuzi anaivumilia, kwa mbwa mdogo iko karibu mno na kipimo cha sumu. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe imekolezwa kwa ajili ya mnyama wa mamia ya kilo. Kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo 3 linaweza kuwa balaa, na zipo koo za mbwa, wakiwemo baadhi ya wachungaji wa Ulaya na chotara wao, ambazo miili yao haiihimili dawa hiyo kabisa. Nimewahi kuletewa kitoto kilichochomwa sindano hiyo na mtu wa duka aliyetaka kusaidia. Kilikuwa kinatetemeka na hakioni. Kwa Simba omba pairanteli au fenibendazoli iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ipimwe kwa uzito wake wa siku hiyo. Na kwa kuwa una watoto wanaomkumbatia: mayai ya minyoo hii humwambukiza na binadamu. Kinyesi kiokotwe kila siku, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Sasa tuseme umemkagua, fizi ni nzuri, anacheza, dawa amepata, na bado anachagua. Tuangalie maisha yake ya wiki hii moja. Alikuwa amelala na ndugu zake kwenye joto la mama. Akaachishwa akiwa na wiki sita, ilhali ingefaa akae mpaka wiki nane. Akawekwa kwenye boksi, akapanda basi la Mafinga hadi Mbeya, muungurumo, harufu ya dizeli, kutapika pengine. Akashushwa mahali ambapo hakuna hata harufu moja anayoijua. Hata binti wa kazi akifika siku ya kwanza kutoka kijijini hashibi. Siku mbili tatu za kula kidogo baada ya safari ni jambo la kawaida. Laiti mngeuliza kule Mafinga alikuwa anakula nini, mngeanza na hicho hicho kwa wiki nzima, kisha mkabadilisha polepole. Bado hamjachelewa, mpigieni simu aliyewauzia mumuulize.

Halafu kuna baridi. Isyesye upepo wake unaujua mwenyewe, na mwezi huu usiku ni wa kuvaa sweta ndani ya blanketi. Mnyama mdogo aliyepoa hawezi kusaga chakula. Tumbo lake hulala naye. Analala wapi Simba? Kama ni kwenye sakafu ya saruji au kwenye banda la nje lililo wazi, hilo ni jibu la nusu ya swali lako. Mtafutie boksi lenye kuta ndefu, weka magunia au magazeti chini, blanketi kuukuu juu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa upande mmoja, ili akiona joto limezidi ahamie upande wa pili. Jiko la mkaa usiliweke kamwe kwenye chumba alicholala, wala mlicholala ninyi. Moshi wake usioonekana unaua watu na mbwa kwa namna moja. Wenzetu wa Njombe na Makete, ambako barafu huanguka kwenye majani asubuhi, wasimlaze mtoto wa mbwa nje kabisa mpaka afikishe miezi minne.

Chakula chenyewe nacho kiwe na joto. Kipashe kifikie joto la uji wa mtoto, upime mgongoni mwa mkono kama ulivyofanya kwa wanao. Joto ndilo linaloinua harufu. Chakula kile kile alichokinusa na kuondoka kikiwa cha baridi, mara nyingi hukila kikiwa na mvuke kidogo.

Na pengine anakula kuliko unavyodhani. Hukuniambia bakuli lake lina ukubwa gani, lakini nimeona mabakuli ya watu. Mtoto wa kilo 3 anahitaji takribani gramu 300 za chakula kilichopikwa kwa siku nzima. Gawanya mara nne, unapata gramu 75 kwa mlo, yaani vijiko vinne vya mezani vilivyojaa. Ukimwekea bakuli la ugali unaomtosha mtu mzima, akila vijiko vitatu utasema amesusa, kumbe ameshiba. Milo minne kwa siku, kwa mfano saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni na saa 3 usiku. Ule wa saa 3 usiku usiuache, ndio unaomvusha kwenye baridi mpaka kuche. Akifikisha miezi mitatu punguza iwe mitatu, akifikisha sita iwe miwili.

Nikija kwenye ugali, samahani dada yangu, lakini hapo niko upande wa Simba. Ugali wa sembe na mchuzi ni wanga na maji ya chumvi. Mtoto wa mbwa anajenga misuli, mifupa na damu kwa kasi ambayo mtoto wa binadamu haikaribii, na anavijenga kwa nyama, samaki na mayai. Anapochagua dagaa na kuuacha ugali hana kiburi, mwili unajua unachotafuta. Tena mchuzi wetu una vitunguu, na vitunguu, viwe maji au saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa. Chakula chake kipikwe pembeni, bila vitunguu, bila chumvi, bila kiungo cha kopo.

Si lazima kiwe cha gharama. Chukua dagaa wakavu konzi moja kubwa, au usipa wa Ziwa Nyasa wanaopandishwa kutoka Kyela. Walowekee maji ya moto, waoshe mara mbili wamwage mchanga na chumvi, kisha wachemshe mpaka walainike. Katika maji hayo hayo songa ugali laini wa dona, mwepesi kama wa mgonjwa, usiozidi theluthi moja ya chakula chote. Kwaruza karoti nusu au kata majani machache ya chainizi, mwagia kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, ponda vyote kwa pamoja. Hapo ndipo siri ilipo: viponde vizuri mpaka asiweze kuchagua. Dagaa akiwa mzima na ugali ukiwa donge, atamwokota dagaa. Vikiwa kitu kimoja, kila tonge lina harufu ya dagaa.

Siku nyingine tumia yai la kuchemsha, au mapafu na nyama za vipande zinazouzwa rahisi buchani. Nyama za ndani zichemshwe hasa, zisitolewe mbichi, na ukiona kwenye pafu au ini vifuko vyenye maji, hicho kipande kichomwe au kizikwe, asikipate mbwa yeyote. Ndani yake mna mbegu za tegu ambao humpitia mbwa na kumrudia binadamu. Ini safi lililopikwa, kipande cha ukubwa wa dole gumba, likikwaruzwa juu ya chakula huamsha hamu kuliko kitu chochote ninachokijua. Lakini ni kiungo, lisigeuke chakula cha kila siku. Ukitumia nyama isiyo na mifupa badala ya dagaa, ongeza nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililochemshwa, kukaushwa na kusagwa liwe unga, mara moja kwa siku, usizidishe. Bila madini hayo miguu hupinda, na chotara wa mbwa wakubwa kama huyu hupinda haraka. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Huvunjika ikawa sindano.

Mkimudu chakula cha punje cha dukani kilichoandikwa ni cha watoto wa mbwa, ni kizuri na kinakuondolea hesabu zote hizi. Kiloweke kwa maji ya vuguvugu dakika 15, meno yake bado ni ya maziwa. Kichanganye na alichozoea, siku ya kwanza robo, ukiongeza taratibu kwa wiki nzima.

Maziwa ya ng'ombe acha. Najua Mbeya hatukosi maziwa, Rungwe iko hapo jirani. Lakini maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa kidogo kuliko hayo. Ile sukari ndiyo inayomharisha. Kijiko cha mtindi tumbo lake hukivumilia, maji safi yawepo muda wote.

Tuje kwenye soseji. Wali, viazi, soseji, ndani ya siku tatu. Umefanya kwa huruma, na ninaielewa, lakini tazama Simba amejifunza nini: nikikataa, kinakuja kizuri zaidi. Mbwa hujifunza hilo kwa siku mbili. Chagua chakula kimoja, kibaki hicho hicho kwa wiki. Kiweke mahali pale pale, palipo kimya, mbali na mbwa mkubwa kama mnaye, maana kitoto kinachotazamwa na mkubwa hakithubutu kula. Usimfuate na kijiko, usimbembeleze, usimlazimishe mdomoni. Ugali ukiingia kwenye njia ya hewa unampa kichomi. Mpe dakika 20, ondoa bakuli, mlo ufuatao pasha kipya. Lakini hii ni kwa mtoto aliyekaguliwa akaonekana mzima, na kikomo chake ni zile saa 12 nilizotaja.

Na hili usinichukie kuliuliza: wanao watatu wanampa nini ukiwa hupo? Katika nyumba zenye watoto hili ndilo jibu ninalolikuta mara nyingi kuliko minyoo. Kipande cha chapati asubuhi, andazi mchana, biskuti kila akitikisa mkia. Tumbo la kilo 3 likipata andazi moja, mlo umekwisha. Usiwagombeze. Mpe mmoja wao kazi ya kumlisha saa 10 jioni kwa bakuli lake, mwingine amwekee maji, mdogo akague kama bakuli limebaki tupu. Wakiwa na kazi rasmi, mikono ya pembeni huacha yenyewe. Waambie pia chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na kokwa la parachichi lisichezewe naye, likimezwa huziba utumbo.

Kuna jambo la kwetu wakulima wa mahindi ambalo siwezi kuliacha. Mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayotenga tukasema "haya ya mbwa," yana sumukuvu. Sumu hiyo ni ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo haraka sana. Huharibu ini, na dalili yake ya kwanza ni kukataa chakula. Kupika hakuiondoi. Kama dona ya Simba ilitoka kwenye gunia la namna hiyo, mwage leo. Mahindi yasiyomfaa mwanao hayamfai mbwa.

Zimebaki dalili ambazo ukiziona hutakiwi kusoma zaidi, bali kuondoka nyumbani kwenda kwa daktari wa mifugo. Amesusa na amenyong'onyea. Anatapika na kuharisha kwa pamoja. Kinyesi kina damu na harufu mbaya isiyo ya kawaida. Hiyo inaweza kuwa pavo, kirusi kilichojulikana duniani mwaka 1978 na kinachoua watoto wa mbwa wasiotibiwa ndani ya siku chache. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe hatuna, lakini maji ya mishipani yakianza mapema wengi hupona. Usimpe Panadol, diklofenaki wala kidonge chochote cha kwenu. Chanjo ya pavo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, kwa hiyo Simba yuko kwenye muda wake sasa hivi. Mpaka amalize, asizurure barabarani wala kukanyaga mahali alipofia mbwa mwingine, kirusi hicho hukaa udongoni miezi mingi. Kichaa cha mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu. Na akianza kudondosha mate na kushindwa kumeza, mtu yeyote asitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mfungieni ndani, mwite daktari.

Anza leo na dawa ya minyoo na boksi la kulala, kesho dagaa na dona. Mpime kwenye mizani ile ile, kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, uandike ukutani. Mtoto wa aina hii anapaswa kuongeza zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Akiongezeka, hata akiacha vijiko viwili kwenye bakuli usihangaike. Asipoongezeka Jumamosi ya kwanza, mpeleke kliniki pamoja na kinyesi chake cha asubuhi hiyo kwenye mfuko, daktari akiangalie kwa hadubini.